Jina la Baba Mkwe

Mama mkwe wangu alirudi Rwanda na mkeka, sufuria mbili na habari ya kifo. Mkeka na sufuria vilishuka kwenye lori siku ileile tulipofika Kigali, mwezi wa nane mwaka 1994. Habari ya kifo ilikuwa ya mumewe, Ntare, aliyefia ukimbizini Ngara akamwachia mtoto mdogo na agizo moja: ukirudi nyumbani, nenda kwa baba, umwambie mimi sitakuja. Mtoto huyo ndiye Kalisa, mume wangu. Alikua, akaota ndevu, akanioa, na agizo lilikuwa bado liko kwa mama yake.

Asiyejua ukimbizi ataona ni jambo dogo, aliyekufa amekufa. Kwa Mama haikuwa hivyo. Ntare alizikwa, padri alikuwepo, lakini watu wa kwao hawakuambiwa, hawakulia, hawakukaa matanga. Miaka yote ya Ngara Mama alikuwa na msiba ambao hakupata pa kuutua. Hata migomba hakupanda, alisema migomba ni ya mtu anayekaa. Mimi nimekulia Bukoba, na kwetu nyumba isiyo na migomba watu wanaipita bila kuisalimia, kwa hiyo nilipoolewa nilimcheka sana. Alinitazama tu, akaendelea kuchambua maharage yake.

Kigali tulipata nyumba Remera. Nasema tulipata kwa adabu. Wenyewe waliita kubohoza, yaani kukomboa: unakuta nyumba haina watu, unaingia, unaandika jina lako mlangoni kwa chaki. Kalisa aliandika lake. Ndani tulikuta vitanda, tukakuta picha ya Bikira Maria, na kwenye fremu ya mlango wa jikoni tukakuta alama za penseli za kupima urefu wa watoto wawili. Kila alama ilikuwa na jina pembeni: Clovis, Aurore, Clovis, Aurore, zikipanda. Za Aurore ziliishia chini ya kiwiko changu. Siku moja nilitaka kumsimamisha binti yetu Trinah pale nimpime, mkono ukakataa. Sikuwa na raha katika nyumba ile, na sitajifanya kwamba niliizoea.

Mama yeye hakutandika mkeka wake chumbani hata mara moja. Alilala barazani mpaka mvua zilipoanza, kisha akahamia sebuleni, karibu na mlango, kama mtu anayengoja basi.

Kilima cha wakwe zake kilikuwa Kibagabaga, si mbali, kule kulikokuwa na mashamba ya mtama na njia za udongo. Wiki ya kwanza tu alikwenda na Kalisa, akarudi amenyamaza. Alipoolewa pale alikaa miezi michache kabla ya kukimbia, zaidi ya miaka thelathini nyuma, na bibi harusi wa siku zile hazururi. Alichokijua ni ua, kisima, na mti wa umuvumu nyuma ya nyumba. Umuvumu ndio alama ya boma la zamani: nyumba inaoza, mti unabaki. Sasa mivumu ilikwishakatwa kuni, mahali pake pamepandwa mikaratusi, na kila waliyemuuliza nyumba ya akina Ntare alijibu kwamba yeye ni mgeni.

Ndipo Kalisa akaanza kwenda parokia ya kule juu Kibagabaga kila Jumapili. Wiki nzima alikuwa Nyabugogo akiziba pancha za malori, mikono myeusi mpaka kwenye kucha. Jumamosi jioni anaisugua kwa mchanga na sabuni, Jumapili anavaa shati jeupe, tunapanda. Misa ilisomwa nje, chini ya turubai, kwa sababu ndani ya kanisa kulikuwa bado hakujafaa kuingia mtu. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Tulikaa kwenye mabenchi tukiupa mlango wa kanisa mgongo.

Katekista alikuwa Jean-Berchmans, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, mgeni kama sisi. Baada ya misa aliruhusu wanaotafuta ndugu wasimame na kusema ukoo wao. Waliotoka Uganda walisimama, waliotoka Burundi walisimama, mtu anataja baba, babu, baba wa babu, mpaka watu sita au saba nyuma, bila kukwama. Wengine walijibiwa palepale, wakalia, wakakumbatiana. Wengine walijibiwa kwa kichwa kutikiswa tu.

Zamu ya Kalisa ilikuwa fupi. "Mimi ni Kalisa, wa Ntare, wa Bihogo. Baba yangu alikuwa na dada anaitwa Nyiramana, ameolewa upande wa Masoro."

Watu waligeuka kumtazama.

"Bihogo wa nani?" mzee mmoja aliuliza siku ya kwanza.

"Zaidi ya hapo sijui," akasema Kalisa, akakaa, masikio yamemwiva. Niliona aibu kwa niaba yake, nikaona na hasira pia. Mbele yetu alikaa bibi mmoja mwenye koti la kiume linalomfika magotini. Kila Kalisa alipotaja majina yake, bibi yule alisonya, akajifunga koti vizuri. Nikasema moyoni, huyu naye ana roho mbaya hadi kanisani.

Jumapili zikapita. Siku moja Jean-Berchmans alitufuata njiani. "Ndugu yangu, mimi nakuambia kweli," alisema. "Batu hapa iko naogopa. Wewe nauliza babu, bao nasikia shamba. Iko batu balikuja hapa na uongo, banasema hii ni ya babu yangu, banafukuza mujane. Sasa nani atasema?"

Jumapili iliyofuata Kalisa alisimama, akasema ukoo wake, kisha akaongeza mbele ya watu wote kwamba hataki shamba, hataki hata mgomba mmoja, anataka kuambiwa tu mahali pa kupeleka habari ya baba yake. Mimi sikuwa nimeulizwa. Nilikuwa nalala kwenye kitanda cha watu ambao sijui waliko, na mume wangu anagawa shamba ambalo hatujaliona. Nilimnunia mpaka Jumatano. Na hata hivyo hakuna aliyejibu, na bibi wa koti alisonya kama kawaida.

Mama hakuwahi kuja nasi. Miguu yake ilikuwa imevimba tangu safari ya lori, na kile kilima hakikuwa cha kupanda na miguu ile. Tukirudi anauliza, "Vipi?" Kalisa anasema, "Bado." Hakuuliza zaidi, na Kalisa hakueleza zaidi, ndiyo desturi yao ya mama na mwana, maneno kwao yanatoka kwa shida.

Kisha akaja Mukankusi.

Nilikuwa namenya ndizi nikaona mwanamke amesimama getini, mwembamba, ameshika mfuko wa nailoni. Alisimama pale kama mtu anayeijua nyumba. Nikajua mwenye nyumba amekuja, nikaanza kupanga maneno ya kujitetea.

"Mimi hapana kuja kwa nyumba," alisema kabla sijafungua mdomo. "Nyumba ilikuwa ya kaka yangu. Mimi nakuja kwa mulango."

Nilimpisha. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akachuchumaa kwenye fremu, akaweka kidole kwenye alama ya chini kabisa. "Clovis," alisema. Akapandisha kidole. "Aurore." Akapandisha tena. Alizisoma zote kwa sauti, polepole, akiinuka kidogo kidogo, mpaka alipofika ya mwisho akawa amesimama. Sebuleni Mama aliacha kuchambua maharage. Nilimwona ameshika punje moja mkononi, hajui aitupe wapi.

"Usipake rangi hapa," Mukankusi aliniambia. "Mutu wa kusema hii majina nabaki mimi tu. Nikikosa mahali ya kusoma, yataisha."

Nilimwahidi. Nilikuwa nalia na sikujificha. Nikampa chai, tukakaa, na kwa kuwa sijui kukaa kimya nikaanza kutambulisha watu. "Huyu ni Trinah. Na huyu ni mama mkwe wangu, Mukandayisenga."

Mukankusi aliweka kikombe chini. Akamtazama Mama, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Wewe nataja mama mukwe hivi, mudomo wazi? Na yeye iko hapa nasikia?"

"Kwani jina lake si hilo?"

"Kwetu mukwe hataji. Inaitwa gutsinda. Wewe bibi ya mutoto, majina ya bazazi ya bwana hutaji mpaka kufa. Mama yangu alikaa kwa ndoa mpaka meno yakaisha, jina ya babu yangu hakulisema hata siku moja. Alimutafutia ingine, ya kwake tu."

Bukoba tuna heshima zetu kwa wakwe, lakini hiyo sikuijua, nikamwomba Mama radhi. Alipunga mkono, yameisha. Mukankusi akaaga, akaondoka, na mimi nikarudi kwenye ndizi zangu. Nilikuwa nimemenya mbili tatu kisu kiliposimama. Kalisa alifiwa na baba angali mdogo. Sasa hilo jina la babu alifundishwa na nani?

Nilingoja Kalisa arudi kutoka Nyabugogo, nikamkalisha, nikamgeukia Mama. "Mama, naomba uniambie. Bihogo ndilo jina la baba mkwe wako?"

Mama alinishangaa. "Bihogo alikuwa ng'ombe," alisema.

Kalisa aligeuka kunitazama.

"Ng'ombe wake, mwekundu, aliyempenda kuliko wote. Nilipoingia katika ua ule nilitakiwa nimtafutie mzee jina la kumwitia, nikampa la yule ng'ombe. Alicheka sana. Ua mzima ulijua nikisema Bihogo nasema nani."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Mume wangu alikuwa amesimama mbele ya parokia nzima, Jumapili baada ya Jumapili, ndani ya shati jeupe, akijitangaza kuwa mjukuu wa ng'ombe. Kisha nikamwona uso wake na kicheko kikakata.

"Kwa nini hukuniambia?" alimuuliza mama yake.

"Wewe hukuniambia unakwenda kusema Bihogo. Nilijua Ntare alikufundisha jina. Mtoto wa kiume anafundishwa na baba yake, si na mimi."

"Nilikuwa mdogo, Mama. Ninachokumbuka kwa Baba ni kikohozi tu. Bihogo nililisikia kwako."

Mama aliinamisha kichwa.

"Basi lipi?" akasema Kalisa. "Litaje mara moja tu, tumalize."

Alikataa. Tulimbembeleza, akakataa. Nilimwambia aninong'oneze mimi, mwanamke mwenzake, akakataa. Nikasema basi sisi tutaorodhesha majina yote ya wazee tunayoyajua, yeye aitikie kwa kichwa likifika. "Kuitikia ni kutaja," alisema. Kalisa alijaribu hata hivyo, akataja kama kumi, na Mama akawa amegeukia ukuta, shingo imekakamaa, asije akatikisika kwa bahati mbaya. Ingekuwa siku nyingine ningecheka tena.

"Mkwe akimtaja mzee amemvua nguo mbele za watu," alisema. "Yule mzee alinipokea kwa maziwa. Na usiku ule tulipokimbia, hata kumuaga sikumuaga."

Nilikasirika, nikasema lililokuwa moyoni mwa kila mmoja. "Mama, yule mzee hayupo tena wa kuona aibu."

Alinigeukia. "Hilo nani amekuambia?" aliuliza. "Mimi sijaambiwa."

Yeye aliyebeba kifo cha mtu miaka yote hiyo, akitafuta pa kukipeleka, asingepokea kifo cha mtu mwingine kwa kukisia tu. Kalisa alitoka nje, akakaa juu ya tairi lake, na chakula cha siku ile kililiwa na Trinah peke yake.

Siku zilizofuata Mama hakuzungumza nasi. Mara kwa mara nilimkuta amesimama kwenye mlango wa jikoni, anatazama zile alama. Kusoma hakujua. Lakini aliweka kidole chini, akasogeza juu, na midomo ilikuwa inacheza.

Jumapili tulimkuta ameshaoga, amevaa kitenge chake cha safari. "Nipelekeni," alisema.

Kalisa alimpandisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akaisukuma mpaka juu, mimi nyuma na mtoto mgongoni. Misa ilikuwa ndefu. Ilipofika wakati wa matangazo Kalisa akataka kuinuka, Mama akamvuta shati, akamrudisha kwenye benchi. Akasimama yeye.

"Mimi ni Mukandayisenga," alisema kwa Kinyarwanda. Sauti ilikuwa ndogo, Jean-Berchmans akaomba watu wanyamaze. "Niliolewa kilima hiki. Mume wangu alikuwa Ntare." Alisimama hapo. Mkono ulipanda wenyewe ukafunika mdomo, kama wanawake wa umri wake wanavyofanya, na nikadhani ndiyo basi, hataweza. Kisha aliushika ule mkono kwa mwingine, akaushusha.

"Ntare wa Gashugi," alisema.

Kwa wengi wetu pale lilikuwa jina tu. Lakini akina mama wazee waliokuwa wamebaki waliguna wote kwa pamoja, maana wamesikia mkwe akimtaja mzee wake hadharani. Na bibi wa koti aliinuka, akageuka kwa hasira.

"Ni mkwe gani huyo asiye na adabu?" alisema. "Nani anamtaja baba yangu mbele za watu?"

Mama mkwe wangu alipiga magoti kwenye udongo.

Watu walisogea, wakatuachia nafasi. Yule bibi alimjia mpaka karibu, akamwinamia, akamchunguza uso kwa muda mrefu. "Bihogo," alisema mwishowe, taratibu. "Wewe ndiye uliyekuwa unamwita Bihogo. Nilikuja mara moja kutoka Masoro kukuona, ulikuwa umejifunika."

"Ndiye mimi, wifi."

Ndiye Nyiramana. Alikuwa amekaa benchi la mbele yetu Jumapili zote zile. Kalisa alishindwa kuvumilia. "Shangazi, nilitaja jina lako hapahapa. Mbona hukusimama?"

"Nisimame?" Alimtazama kama anayemtazama mtoto. "Mwezi wa nne wauaji nao walikuwa wanasoma majina, mchana, kwa sauti. Wanaosimama wanaondoka nao. Tena jina langu unaweza kulipata sokoni, na la Ntare pia. La baba yangu ulikuwa hulijui, ukataja ng'ombe wake. Nikasema huyu amefundishwa na watu, anataka kiwanja nilichobakiza."

Kisha akamgeukia Mama, na sauti yake ikabadilika. "Ntare yuko wapi?"

"Alinituma kwa baba," alisema Mama, bado yuko magotini. "Alisema nimwambie yeye hatakuja. Alikufa Ngara, kwa kifua. Tulimzika vizuri." Alipomaliza kusema alishusha pumzi, mabega yakashuka nayo. Nilimwona ghafla ni mzee.

Nyiramana hakulia. Alisema Gashugi alikufa zamani, kitandani kwake, kwa maradhi, na kwamba mzee alikuwa na bahati. Kisha alitaja waliobaki katika ua ule mpaka Aprili: kaka zake wadogo, wake zao, watoto wao, na watoto wake mwenyewe waliokimbilia kwenye ua wa babu yao nyumba ya Masoro ilipochomwa. Alitaja wengi. Alipofika wa mwisho alishika ukosi wa lile koti, akasema lilikuwa lake, huyo.

"Nisamehe, wifi," alisema Mama. "Nimemtaja mzee."

"Kosa ni kosa," akajibu Nyiramana. Alikaa chini kwenye udongo, mbele yake, akamshika mikono. "Lakini wa kukukemea nimebaki mimi peke yangu. Litaje tena. Tangu Aprili sijalisikia kwa mtu."

Mama aligeuka akanitazama, akamtazama Kalisa.

"Gashugi," alisema.

"Tena."

Alilitaja tena, na safari hii Kalisa naye alilitaja baada yake, taratibu, akijifunza.